Shaba iliyobaki: Kalala Mukendi, kutoka bao la Addis hadi benchi la makocha

Kingamyambo, pembezoni mwa Kolwezi, ni mahali ambapo kwa miaka mingi kiwanda cha kuchambua madini kilimwaga tope lake. Mawe yalitoka mgodini, yakasagwa, shaba ikachukuliwa, na kilichobaki kikasukumwa huko na kwenye bonde la mto Musonoi kama makapi. Kizazi kizima kilikua kikiitazama tambarare ile kama kitu kilichokwisha kazi. Wakati wa kiangazi upepo huinua vumbi lake na akina mama hukimbia kuanua nguo.

Kisha wataalamu wakaja na vipimo. Wakakuta makapi yale ni takriban tani milioni 113, yenye shaba kwa wastani wa asilimia 1.49 na kobalti asilimia 0.32. Iko migodi mikubwa duniani ambayo jiwe lake bichi, likiwa halijaguswa na mtu, halina shaba kiasi hicho. Leo makapi ya Kolwezi yanarudishwa kiwandani na kuchakatwa upya, na kinachotoka humo kinapandishwa malori kwenda bandarini kama shaba nyingine yoyote.

Kila nikipita njia ya Kingamyambo siku ya Jumapili na kuwaona watoto wakicheza mpira, lango ni matofali mawili, namkumbuka Pierre Kalala Mukendi. Watoto wale hawamjui. Niliwahi kuwauliza wachache ni nani aliyeipa Kongo kombe lake la kwanza la Afrika, wakanitajia wachezaji wa leo wanaowaona kwenye simu. Sikuwalaumu. Nani amewaambia?

Kalala alikuwa mshambuliaji wa TP Englebert ya Lubumbashi, klabu ambayo sasa dunia inaijua kwa jina la TP Mazembe. Timu hiyo ilizaliwa mwaka 1939 mikononi mwa mapadri Wabenedikto, na jina Englebert likatoka kwa kampuni ya Kibelgiji ya matairi iliyoifadhili. Ndivyo mpira ulivyoingia katika nchi yetu ya shaba: padri upande mmoja, kampuni upande mwingine, na katikati vijana waliokuja kutafuta kazi kutoka Kasai, kutoka kusini mwa Lualaba, kutoka Rhodesia na hata Rwanda. Majina kama Kalala, Mukendi na Kazadi ni majina ya Kiluba, na yalisikika katika kambi za wafanyakazi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi sawasawa na majina ya Walunda, Wasanga na Wabemba. Uwanjani mtu aliitwa kwa namba ya jezi na kwa alichokifanya juzi.

Englebert ya miaka ile haikuwa timu ya kawaida. Mwaka 1967 ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi mbili zikaisha kwa sare, 1-1 na 2-2. Mechi ya tatu ikapangwa kuchezwa Yaoundé. Kotoko hawakutokea na kombe likaja kwetu. Walioona wivu walisema Englebert wamepewa ubingwa mezani. Jibu lilitolewa msimu uliofuata: Étoile Filante ya Lomé ilikula mabao 5-0 katika mechi ya kwanza, na hata iliposhinda 4-1 katika ya marudiano, hesabu ilikuwa imeshafungwa. Englebert ikawa klabu ya kwanza kulitetea kombe hilo. Ilibidi Afrika ingoje hadi Enyimba ya Nigeria, mwaka 2003 na 2004, ndipo ionekane nyingine. Fainali nne mfululizo, 1967 hadi 1970! Hata leo nikiandika tarakimu hizi mkono unataka kuzirudia.

Lakini siku ya Kalala hasa ni Jumapili ya tarehe 21 Januari 1968, mjini Addis Ababa.

Ili kuielewa siku ile turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965, katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Tunisia, Kongo ilikuwa mgeni wa kupigwa tu: Ghana iliwafunga 5-2, Ivory Coast ikawafunga 3-0, wakarudi nyumbani. Ghana ndiyo iliyokuwa baba wa mpira wa Afrika. Ilitwaa kombe mwaka 1963 na tena mwaka 1965, ikifundishwa na Charles Kumi Gyamfi, ambaye naye alikuwa mshambuliaji kabla ya kuwa kocha na alikwenda kucheza Ujerumani wakati ambapo Mwafrika kule alikuwa kitu cha kushangaza. Mwaka 1968 Kongo ilikwenda Ethiopia na kocha Mhungaria, Ferenc Csanádi, na kundi lao likapangwa kuchezea Asmara. Mechi na ndugu wa ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville, waliishinda 3-0. Ghana wakawafunga tena, 2-1. Senegal wakaipiga 2-1, na wakapita wakiwa wa pili nyuma ya Ghana ileile.

Asmara na Addis ziko juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wachezaji wa pwani hupumua kwa shida kule. Sina ushahidi wa kidaktari, ila nimekuwa nikijiambia kwamba vijana waliozoea uwanda wa Katanga, ambako Lubumbashi peke yake iko zaidi ya mita 1,200, walifika na mapafu yenye mazoea kidogo kuliko wengine. Msomaji anipinge akitaka.

Nusu fainali walikutana na wenyeji. Ethiopia ilikuwa bado na nyota wake mkubwa, Luciano Vassallo, mzaliwa wa Asmara, mtoto wa askari Mwitaliano na mama Mweritrea. Vassallo ndiye aliyekuwa nahodha mwaka 1962 Ethiopia ilipotwaa kombe kwa kuifunga Misri 4-2 katika muda wa nyongeza, yeye na mdogo wake Italo wakifunga bao moja kila mmoja, na Mfalme Haile Selassie akamkabidhi kombe kwa mkono wake. Kuwafunga watu wa namna hiyo mbele ya mashabiki wao si jambo dogo. Kongo ilishinda 3-2, nayo pia baada ya dakika za nyongeza.

Fainali, Ghana. Timu iliyokuwa imewafunga siku chache tu zilizopita. Kipindi cha kwanza kikapita bila bao. Dakika ya 50, bado. Dakika ya 60, bado. Dakika ya 66, Kalala akatikisa wavu. Halikufungwa jingine. Kongo 1, Ghana 0, na nchi iliyokuwa imemaliza vita vya kujitenga kwa Katanga miaka mitano tu kabla yake ikawa na kombe la Afrika kwa bao la mchezaji wa Lubumbashi. Tangu hapo hadi leo Kongo imelitwaa kombe hilo mara moja nyingine, mwaka 1974 kule Misri, kwa mabao ya Ndaye Mulamba. Mara mbili tu. Kwa hiyo kila bao la namna hiyo ni kama nguzo ya nyumba.

Nimeitaja dakika ile kwa makusudi. Watu husema mfungaji ni mtu wa pupa. Mimi naona kinyume. Mfungaji wa kweli ni mtu wa kungoja. Kipa ana kazi yake, beki ana kazi yake kila dakika, kiungo hapumziki. Mshambuliaji anaweza kukaa saa nzima akikimbia bure, akisukumwa, akizomewa, akipewa pasi mbovu, na bado anatakiwa dakika ya 66 awe mahali sahihi na akili tulivu. Anayekata tamaa dakika ya 60 hafungi. Huo ndio ufundi ambao hauonekani kwenye picha, na ndio unaobaki mwilini miguu inapokwisha.

Na kocha ni nani, kama si mtu wa kungoja? Anakaa pembeni, haugusi mpira, anatazama kosa linakuja na hawezi kukimbia kulizuia. Mshambuliaji aliyekaa miaka kumi akingoja pasi anayajua mateso hayo tayari. Gyamfi alithibitisha kwa Ghana. Baada ya makombe mawili ya miaka ya 1960 alirudi akatwaa la tatu mwaka 1982. Kalala alipewa kipimo kigumu zaidi.

Kwa sababu alikuja kukaa kwenye benchi la timu ya taifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wenye umri wanajua miaka hiyo ilikuwaje kwetu.

Nchi iliitwa Zaire na jimbo letu liliitwa Shaba, lakini shaba yenyewe ilikuwa inaondoka. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa tani zipatazo 476,000. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapa hapa Kolwezi, iliporomoka. Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa walianza uporaji Kinshasa, na moto huo ukafika mijini kwetu. Kufikia mwaka 1993 Gécamines haikufikisha hata tani 50,000. Hospitali za kampuni, shule za kampuni, posho ya unga ya kampuni, vyote vilikatika. Na timu za mpira? Zile pia zilikuwa za kampuni. Jezi, basi la safari, kazi ya ofisini aliyopewa mchezaji ili apate mshahara, vilitoka katika mfuko uleule uliotoboka. Kati ya mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zililala kwenye vituo vya treni zikingoja mabehewa, na wengi, wakiwamo watoto, walifia hapo. Kambi zilizokuwa zimetoa wachezaji wa kila kabila zilipoteza nusu ya majirani zao. Mpira wetu haukupona jeraha hilo haraka, na sidhani kama tumelizungumza inavyostahili.

Katika hali hiyo ndipo Kalala Mukendi akaipeleka Zaire Senegal, Januari 1992. Timu ya 1968 ilikuwa na Mhungaria. Ile ya 1974, iliyokwenda hadi Kombe la Dunia, ilikuwa na Myugoslavia, Blagoje Vidinić. Sasa kocha alikuwa mtoto wa nyumbani, mwenye bao la Addis kifuani. Kundi lao lilikuwa na Moroko, na lilikuwa na Kameruni iliyotoka kucheza robo fainali ya Kombe la Dunia Italia mwaka 1990 na kuitetemesha Uingereza. Zaire ilitoka sare 1-1 na Moroko. Ikatoka sare 1-1 na Kameruni. Ikaingia robo fainali. Huko Nigeria iliwatoa kwa bao moja tu, la Rashidi Yekini.

Yapo magazeti yaliyoandika kuwa hayo ni matokeo ya kawaida. Mimi siyaoni ya kawaida hata kidogo. Chukua nchi ambayo benki zake zimevunjwa milango miezi minne iliyopita, ambayo askari wake wanapora maduka, ambayo wachezaji wake hawajui kama tiketi ya kurudi nyumbani italipwa. Kisha uende nayo uzuiane na Kameruni ile. Hiyo ni kazi ya kocha. Huyo ni mtu aliyejifunza kungoja hadi dakika ya 66 na akawafundisha wengine kungoja. Kombe halikuja, lakini timu haikuaibika, na katika mwaka ule kutoaibika kulikuwa kitu kikubwa sana kwa watu waliokuwa hawana kingine cha kushangilia.

Si kila mchezaji mkubwa alipata nafasi ya kubaki kwao akifundisha. Wakati huo Luciano Vassallo alikuwa Italia. Naye baada ya kucheza aliwahi kuifundisha Ethiopia, lakini utawala wa kijeshi wa Derg ulipozidi ukali alikimbia akaenda kuishi nchi ya baba yake, huko Ostia karibu na Roma. Nahodha aliyepokea kombe kwa mfalme akafungua karakana ya magari, na pembeni akafundisha watoto mpira. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 87. Kwao Afrika vizazi viwili vilikuwa vimeshapita bila kukaa naye hata saa moja uwanjani.

Italia ilitujia kwa njia nyingine pia. Mwaka 2009 Mwitaliano, Diego Garzitto, ndiye aliyekaa kwenye benchi la Mazembe ilipolirudisha Lubumbashi kombe la Klabu Bingwa ambalo halikuwa limeonekana tangu enzi za Kalala: walifungwa 2-1 na Heartland kule Nigeria, wakashinda 1-0 nyumbani, na bao la ugenini likaamua. Miaka 41! Mashabiki wazee walilia hadharani bila aibu. Mwaka 2010 kiti kikachukuliwa na Lamine N'Diaye, Msenegali wa Thiès, naye mshambuliaji wa zamani aliyecheza miaka mingi Ufaransa.

Namtaja N'Diaye kwa heshima maalumu kwa sababu alikutana na mtihani ambao mshambuliaji peke yake ndiye anauelewa hadi mifupani: mfungaji wake mkuu, Trésor Mputu, alikuwa amefungiwa na FIFA. Hakuwa na wa kuziba pengo lile kwa jina. Akalazimika kuliziba kwa mpango. Mazembe ikaifunga Espérance ya Tunisia 5-0 katika fainali ya Afrika, ikatoka nayo sare 1-1 katika marudiano, kisha ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu. Bao la Bedi Mbenza likaitoa Pachuca ya Meksiko. Tarehe 14 Desemba, Kabangu na Kaluyituka wakaipiga Internacional ya Brazil 2-0, na kipa Robert Kidiaba akaruka kwa makalio yake mbele ya dunia nzima. Hapakuwa na timu ya Afrika iliyowahi kufika fainali hiyo. Siku nne baadaye Inter Milan ikashinda 3-0, na bao la pili lilikuwa la Samuel Eto'o, Mwafrika mwenzetu. Kolwezi usiku ule watu hawakulala kwa huzuni. Nakumbuka honi za pikipiki hadi usiku wa manane, kana kwamba tumeshinda.

Toka Kalala hadi N'Diaye, basi, ni mstari mmoja: mtu aliyefunga, akaacha, kisha akarudi na kile kilichobaki ndani yake. Tofauti ni kwamba mmoja alikuta klabu yenye fedha na mwingine alikuta kapu tupu.

Siku hizi jimbo letu, ambalo sasa ni Lualaba, lina fedha tena. Malori ya kathodi na kobalti hayakatiki barabarani. Kolwezi tuna uwanja wa kisasa wenye jina la Dominique Diur, tuna AS Simba inayocheza na vigogo wa nchi, na Jumapili Mazembe ikija ukichelewa hupati pa kukaa. Lakini zunguka kwenye viwanja vya mitaani, Manika au Musonoi, uangalie nani anawafundisha watoto wa miaka kumi. Mara nyingi ni kijana mwenye filimbi na moyo mwema, aliyejifunza kwa kutazama televisheni. Wazee waliovaa jezi za klabu zetu miaka ya 1970 na 1980 wako nyumbani. Wengine wanauza mkaa. Wengine wanalinda mageti ya makampuni, usiku, kwa mishahara ya kulinda mageti. Kikosi cha 1968 wengi wametangulia mbele ya haki, na walichokijua kimekwenda nao, kwa sababu hakuna aliyekaa nao na daftari.

Kinachoniuma ni kwamba tumeshaelewa kuwa makapi ya Kingamyambo yana asilimia 1.49, tukajenga kiwanda kizima kwa ajili hiyo, mabomba, mashine, wahandisi kutoka mabara matatu. Kwa wachezaji wetu waliostaafu hatujapima hata mara moja. Mshambuliaji aliyefunga mabao mia katika ligi ya jimbo anajua jinsi ya kumkimbia beki mzito, anajua mpira wa krosi unaangukia wapi kiwanja kikiwa na matope ya Januari, anajua mtoto gani ana hofu na yupi anajifanya. Hivyo havimo kwenye simu. Haihitaji chuo kumpa nafasi. Anahitaji cheti cha awali cha ukocha, nauli, na posho isiyomdhalilisha. Kampuni moja ya madini ikitoa bei ya tairi moja la lori lake la mgodini, wazee kadhaa wa mtaa mzima wangefundisha mwaka mzima.

Kwa hiyo naandika haya kwa viongozi wa vilabu vya Kolwezi, Fungurume na Kasaji, na kwa maofisa wa makampuni wanaosimamia fungu la maendeleo ya jamii. Kabla hamjanunua jezi nyingine mia zenye nembo yenu, mtafuteni mzee mmoja katika mtaa wenu aliyewahi kufunga mabao. Mwekeeni kiti nyuma ya lango Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa mazoezini, na mwombeni aseme anachokiona. Mlipeni. Na mtoto atakayeuliza nani alifunga Addis mwaka 1968, mwambieni: ni Kalala Mukendi wa Englebert, dakika ya 66, na baadaye alirudi kuwa kocha.